Majirani wa Mtaa wa Wafinyanzi

Kisa hiki nilikisikia mara ya kwanza kwa Ukhti Ramla binti Khatibu, anayetufundisha darsa la akina mama kila Jumatano baada ya sala ya alasiri. Yeye alikipokea kwa babu yake mzaa mama. Kabla ya kuanza alitwambia, "Mwenye mtoto mchanga ampakate vizuri." Tulicheka, tukidhani anatufanyia mzaha. Nakiandika kama nilivyokisikia, na penye upungufu, upungufu huo ni wangu.

Inasimuliwa kwamba katika nchi ya Yemeni, zama za waja wema waliotutangulia, palikuwa na mji mmoja bondeni, katikati ya milima mikavu. Ukhti Ramla hakuutaja jina, nami sikuthubutu kuuliza. Mji ule ulikuwa na mitaa minne ndani ya ukuta. Mtaa wa tano ulikuwa nje ya ukuta, chini kabisa, kando ya mkondo ambao kwa miezi mingi ya mwaka huwa hauna maji. Huo uliitwa Mtaa wa Wafinyanzi, nao walikaa huko kwa sababu ndiko udongo mzuri ulikokuwa. Walikuwa watu wapole, wasiopanda mjini ila kuuza vyungu vyao na kuswali Ijumaa.

Siku moja, jua likiwa limepanda na mbingu hazina hata wingu, watu walisikia mngurumo kutoka milimani. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, mahali wasipopaona. Maji yalishuka kama ukuta unaotembea, yamebeba miti na mawe na mizoga ya ngamia. Mtu aliyekuwa akinunua bizari sokoni aliuchomoa mkono wake mtupu ndani ya gunia na kukimbia. Ilipofika adhuhuri maji yalikuwa yamekwisha kupita, na nusu ya mji haikuwepo. Walionusurika walisimama juu ya mapaa wakitazamana, wala hapana aliyelia. Kilio kilikuja kesho yake.

Miji ya jirani, Mwenyezi Mungu aijaze kheri, ilileta nafaka, tende, mablanketi na mahema. Wakaulizana nani akabidhiwe amana hiyo, na watu wote wakataja jina moja: Sheikh Mudhari bin Salama. Alikuwa mcha Mungu, mwenye kufunga Jumatatu na Alhamisi, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona akipima pungufu. Miaka ya nyuma, ulipokuja ukame, wajanja walikula chakula cha mayatima kwa kujifanya wahitaji. Sheikh Mudhari hakulisahau jambo hilo. Kwa hiyo akaweka sharti: kila anayeomba msaada aje na majirani wawili wa mtaa wake, waapishwe kwamba wanamjua na kwamba nyumba yake imeanguka. Mume asimshuhudie mkewe, wala ndugu asimshuhudie nduguye. Watu wakasema, "Hii ndiyo haki." Na kweli ilikuwa haki.

Siku ya kwanza ya ugavi alikuja mwanamke mmoja, Lubaba binti Zaidi, mke wa mfinyanzi. Alikuwa amebeba mtoto wa kiume wa miezi mitano, na tope lilikuwa limemkaukia mpaka kwenye nywele. Asubuhi ile ya mafuriko alikuwa kilimani na mwanawe, akikata miiba ya kuchomea vyungu. Ndiyo maana alikuwa hai. Tangu ashuke hakukutana na mtu yeyote wa mtaa wake, na moyoni alitumaini kwamba wamekimbilia mahali.

Mlangoni mwa ghala la msaada alikaa Wahbu, mpokezi wa Sheikh, mtu wa masihara mengi. Sheikh mwenyewe alikuwa nyuma yake akipima nafaka.

"Mtaa gani, bibi?" akauliza Wahbu.

"Wafinyanzi."

"Mashahidi wako?"

"Sina. Nina mtoto huyu tu."

"Huyu hajui kuapa," akasema Wahbu, na waliosimama foleni wakatabasamu.

Sheikh Mudhari aliinua kichwa akamwambia kwa upole, "Binti yangu, hii si mali yangu nikupe nipendavyo. Ni haki ya waliofikwa, na nitaulizwa. Nenda ukawatafute majirani zako wawili, kisha urudi. Fungu lako lipo."

Lubaba akasema, "Nimesikia, Sheikh." Akaondoka.

Sasa, ndugu zangu, lazima niseme jambo ambalo watu wa mji ule walilikosea. Njia ya kushukia kwa Wafinyanzi ilikuwa imejaa tope hadi kifuani, na hapana aliyeshuka. Kutoka mitaa minne walikuja watu mamia kudai na kulalamika. Kutoka mtaa wa tano hakuja mtu ila mwanamke huyu mmoja. Basi watu wakasema, "Alhamdulillahi, Wafinyanzi wamesalimika, ndio maana hawaji." Kimya chao wakakichukua kuwa ni afya.

Siku ya pili Lubaba alirudi. Mikono yake ilikuwa imechanika vidoleni, na aliificha ndani ya buibui. Safari hii hakufika hata mlangoni. Ajuza mmoja muuza viungo, Umm Hilali, aliyejulikana mji mzima kwa ulimi wake, alimwona anayumba akamvuta pembeni.

"Wewe, mwanangu, umekula lini?"

"Sikumbuki, mama."

"Na huyu?"

"Ananyonya, lakini kifua kinakauka."

Umm Hilali akatoa tende tatu kwenye pindo la nguo yake, akamtilia moja kinywani kwa nguvu kama anavyolishwa mtoto. Kisha akamnong'oneza, "Sikiliza. Mimi na dada yangu tutakwenda kwa yule Wahbu mwenye meno ya farasi, tutaapa kwamba wewe ni jirani yetu wa Mtaa wa Bizari. Nani atajua? Mtaa wetu umeanguka wote, hata mimi mwenyewe sijui mlango wangu ulikuwa wapi."

Lubaba akamtazama mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa akinyonya kidole chake mwenyewe. Alimtazama muda mrefu. Mimi niliposikia mahali hapa, Mungu anisamehe, nilisema moyoni: kubali, dada, kubali!

Akasema, "Mama, Mola akulipe. Lakini kiapo ni kiapo. Maji yamenichukulia kila kitu, na dini yangu hayakuiweza. Sitaitoa mwenyewe kwa mkono wangu."

"Basi mtoto atakufa na dini yako!" akafoka Umm Hilali, na machozi yakamtoka.

"Sheikh ameniambia niwatafute majirani. Bado sijawamaliza kuwatafuta."

Umm Hilali hakulielewa neno hilo. Alimpa tende mbili zilizobaki, akamtazama akiondoka kwa njia ya kilimani, akizunguka.

Siku ya tatu Lubaba alikuja mapema, na mtoto hakuwa akilia tena. Alikuwa amelala begani, macho yake nusu wazi.

Wahbu alimwona, akapaza sauti, "Ahlan, mke wa mfinyanzi! Leo umewapata hao majirani, au nao umewafinyanga?"

Watu wakacheka. Lubaba hakukasirika. Akasema, "Nimewapata. Wawili, kama alivyosema Sheikh."

"Wako wapi?"

"Nyumbani."

"Mbona hawaji? Wanaona haya?"

"Hawawezi kutembea."

Sheikh Mudhari akasikia, akaweka chini kipimo chake. Akamwambia Wahbu, "Wamevunjika miguu hao, na sisi tunacheka. Chukua kiriba cha maji na vitambaa." Akamgeukia Lubaba, "Tuongoze, binti yangu. Mgonjwa hasumbuliwi kuja, huendewa. Nitawaapisha huko huko walipolala."

Wakazunguka kwa njia ya kilimani, Lubaba mbele, nyuma yake Sheikh na Wahbu, na Umm Hilali akiwafuata bila kualikwa. Walipofika ukingoni wakatazama chini, na Wahbu akasema, "Mtaa uko wapi?"

Hapakuwa na mtaa. Palikuwa na uwanja wa tope, sawasawa kama mkeka uliotandikwa, umeanza kukauka na kupasuka. Hata tanuri za vyungu hazikuonekana. Mahali pamoja tu palikuwa pamefukuliwa, mashimo mengi, na kando ya mashimo hayo kipande cha chungu kilichovunjika, kimelika ukingoni kwa kuchimbia.

Lubaba akashuka hadi mahali palipokuwa na vichuguu vitatu vya udongo. Akasimama kwa adabu, kama mtu aliyefikisha wageni.

"Huyu ni Bi Thuwaiba," akasema, "nyumba yake ilikuwa kulia kwangu. Nilimpata jana. Na huyu ni Mzee Nufaili, wa kushoto. Nilimpata leo alfajiri. Hao ndio majirani zangu wawili, Sheikh."

Kiriba kilimponyoka Wahbu na maji yakamwagika.

Sheikh Mudhari aliuliza, na sauti yake haikuwa ile watu waliyoizoea, "Na huyu wa tatu?"

"Huyu ni mume wangu. Ndiye niliyemwona wa kwanza, siku ile ile uliponituma. Lakini ulisema mume hamshuhudii mkewe. Basi nikamfukia, nikaendelea kuchimba."

Inasimuliwa kwamba Sheikh Mudhari aliketi pale pale kwenye tope, akashika kichwa. Alisema, "Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun," akairudia, akairudia, mpaka ulimi ukawa mzito. Siku tatu alikuwa amempimia nafaka kila mtu ila huyu, na huyu alikuwa akifukua maiti kwa mikono yake ili amtimizie sharti lake.

Wapo wanaouliza: kwa nini Lubaba hakusema tangu mwanzo? Ukhti Ramla alitujibu kwamba siku ya kwanza hakujua, na zilizofuata hakuulizwa. Mtu aliyepigwa na msiba hana maneno ya kujieleza. Anaambiwa nenda, anakwenda.

Aliyewazindua ni Umm Hilali. Alipiga kelele, "Mnalia nini, wanaume? Mtoto bado ana pumzi!" Sheikh akainuka, akampokea mtoto, akamtia ndani ya joho lake na kupanda kilima kile mbio, mzee wa miaka sitini, kilemba chake kikaanguka asikiokote. Wakamkamulia maziwa ya mbuzi, wakamdondoshea tone baada ya tone kwa pamba. Alasiri ilipita na mtoto hamezi. Maghribi ilipoadhiniwa, alimeza. Kisha akalia. Na watu waliokuwa wamecheka asubuhi ile walikuwa wamesimama nje ya hema, wakasikia kilio kile na kuinamisha nyuso zao.

Kesho yake mji mzima ulishuka na majembe. Kwa siku kadhaa waliwatoa watu arubaini na mmoja, wakawaosha, wakawaswalia na kuwazika. Wahbu alichimba siku zote hizo bila kutania, na inasemekana hakumtania mtu mlangoni tena maisha yake yote.

Sheikh Mudhari alimpelekea Lubaba fungu lake kwa mkono wake mwenyewe, na hema, na gurudumu la kufinyangia lililookolewa. Akasimama nje ya hema akasema, "Nimekudhulumu, binti yangu. Nihalalishie."

Lubaba akajibu kutoka ndani, "Nimekuhalalishia, Sheikh. Ulikuwa unalinda haki ya mayatima. Lakini siku nyingine mtu akikwambia hana shahidi, muulize kwa nini hana."

Tangu siku hiyo Sheikh aliligeuza jambo lile. Akaamuru kwamba likitokea balaa lolote, mtaa ambako hakutoka mtu ndio uendewe kwanza, kabla ya kupimiwa mwenye kelele. Tena hakungoja balaa lije. Akafunga udugu baina ya nyumba za bondeni na nyumba za juu, kila nyumba na mwenzake, watembeleane na wajuane majina, hata ya watoto wachanga, ili asiwepo mtu katika mji ule ambaye wanaomjua wanaweza kufa wote kwa siku moja. Lubaba alijenga tena, safari hii juu, na udongo akaufuata chini kwa punda. Mwanawe alikua, na udugu wa nyumba zile ulidumu miaka mingi baada ya Sheikh kufariki. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Ukhti Ramla alipofika hapo, sisi tuliocheka mwanzo tulikuwa tumewapakata wanetu kifuani. Mimi nimefikiri hivi: Sheikh Mudhari hakuwa mtu mbaya, na sharti lake halikuwa baya. Kosa lilikuwa kukaa mlangoni na kudhani kwamba anayestahiki lazima atafika, na atafika na watu wa kumsemea. Waliofikwa zaidi ndio wasiofika. Na wa kuwasemea si mwingine ila yule aliyewajua kabla ya msiba.

Asubuhi iliyofuata, nilipokwisha kumwogesha mwanangu, nilimfunga mgongoni nikaenda kupiga hodi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Watu wale wamehamia hapo tangu mwezi wa mfunguo nne, nami siku zote nilikuwa nikipita nimeinamisha kichwa. Alitoka mwanamke mwenye unga mikononi, akanitazama kwa mshangao. Nilimwomba aniambie jina lake, na majina ya wote wanaolala ndani ya nyumba ile. Akanitajia, mmoja mmoja, wako saba. Nami nikamtajia ya kwetu.