Farasi wa Shekue Hali Nyasi

Tajiri Shekue alimlisha farasi wake pilau, maana nyasi aliziita chakula cha mbuzi wa maskini. Farasi akavimba tumbo, akajamba hadi wageni wakakimbia.

"Mwatumu!" Shekue alimfokea mtunzaji wa farasi. "Akifa, utahama nyumba yangu, wewe na wanao!"

"Hatakufa, bwana. Ila pilau nipe mimi nimlishe, mlango nimeufunga. Anaona haya kula mbele za watu."

Mwezi haukuisha, farasi akawa anang'aa, tumbo limetulia.

"Unaona? Pilau hiyo!" Shekue alijigamba. "Na wanao mbona wamenona?"

"Sisi tunakula nyasi anazozikataa, bwana."

Shekue alilishika tumbo lake lililojaa gesi. "Basi nikatie na mimi."

Mwatumu akajifuta mafuta ya pilau midomoni, akachukua mundu.