Jasho la Kwanza la Jiwe

Sikilizeni taratibu, maana habari hii haitaki haraka. Katika mji wa Maharuki, uliojengwa chini ya mlima wa moto, alitawala Sultani Mudhafari bin Sabihi, na alikuwa na hazina na majeshi na bustani za komamanga, lakini mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti aitwaye Lulua. Na tangu utotoni Lulua alikuwa na desturi moja iliyowachekesha watu wa jumba: hakuweza kuvumilia kuona kitu kikinyeshewa. Mvua ikianza hutoka mbio na shuka yake, akafunika vifaranga, akafunika kinu, na siku moja akamfunika hata punda wa balozi mgeni.

Ikawa Sultani akatamani kumjengea binti yake jumba la mawe meusi, na akaamuru mawe yakatwe mlimani. Mlima ule ulikuwa nyumba ya jini aitwaye Sumurani, naye alionya mara tatu kwa moshi na kwa tetemeko, na mara tatu Sultani akasema, "Mlima ni mkubwa, hautahisi upungufu." Siku jumba lilipokamilika, Lulua alipanda ngazi ya mwisho na miguu yake ikaganda, na kabla baba yake hajamfikia alikuwa jiwe jeusi toka utosini hadi unyayoni.

Na sauti ikatoka mlimani: "Ewe Mudhafari! Umebomoa nyumba yangu umjengee binti yako, nami nimemtwaa binti yako awe badala ya mawe yangu."

Sultani akalivunja jumba lile, na kwa miaka mitatu akayabeba mawe kwa mgongo wake mwenyewe na kuyarudisha mlimani, mpaka ndevu zake zikawa nyeupe. Alipotua la mwisho, jini alimtokea kama nguzo ya moshi yenye macho.

"Nimerudisha yote," Sultani akasema. "Nirudishie mwanangu."

"Umeyarudisha yamechongwa," jini akajibu, na sauti yake haikuwa na hasira. "Hukunirudishia mazima, nami siwezi kukurudishia mzima. Hiyo ndiyo sheria yetu. Lakini nimeuona mgongo wako. Mtie motoni, na kitakachochuruzika kipokee katika hodhi la mchanga, nami nitakirudishia umbo lake. Ila moto ukizidi, jiwe likayeyuka lote, hata mimi sitaweza kumtenga na jiwe."

Mafundi wakubwa wakaogopa, kila mmoja akatoa udhuru wake. Akaja sonara mmoja kijana, Shekue bin Makame, mikono ya kanzu yake imeunguaungua kwa cheche.

"Wewe mtengeneza vipini vya pua!" waziri akamdhihaki. "Binti wa Sultani si kikuku."

"Ni kweli, mheshimiwa," Shekue akasema, "ndiyo maana sitamharakisha kama kikuku."

Kisha akamgeukia Sultani, akamweleza polepole kama mtu amfundishaye mtoto kusoma. "Bwana wangu, jiwe tunaliona kitu kimoja, lakini ndani yake mna chembe za namna nyingi, na kila namna ina moto wake. Ukilipasha kwa subira, halitayeyuka lote. Litatoa jasho kwanza. Zile chembe zinazokubali moto upesi zitalainika, zitapenya katika nyufa ndogo ndogo na kutiririka nje, na zile ngumu zitabaki mahali pake. Sisi tunapokea jasho, tunaacha moto upoe. Na desturi yetu masonara ni kwamba mvukuto wa kupulizia moto hushikwa na mwenye mali mwenyewe, asije akasema kesho kwamba fundi alimwibia. Mimi nitatazama jiwe. Kuvukuta, na kuacha, ni kwako."

Basi tangu asubuhi mpaka alasiri Sultani alivukuta. Jiwe likawa jekundu, na kutoka kifuani likaanza kutoka jasho lenye mwanga wa asali, likachuruzika mpaka hodhini, na mle mchangani vikaonekana vidole, na shingo, na kifua kikipanda na kushuka.

"Limetosha, bwana wangu," Shekue akasema.

Lakini Sultani aliona jiwe lingali kubwa tanurini, na moyo wake ukaingiwa na hofu. "Ewe Sumurani! Kimebaki nini mle ndani?"

Jini akajibu kutoka katika moshi: "Umebaki wewe. Jina lako, na uso wako, na siku zote alizokaa mapajani pako. Hayo ndiyo ya zamani kuliko yote aliyonayo, na ya zamani ndiyo magumu kuyeyuka."

Sultani akavukuta tena, mara moja, kwa nguvu. Kingo za jiwe zikaanza kulegea. Akainua mkono kwa mara ya pili.

Shekue alikuwa analia, lakini hakuugusa mvukuto. "Mwenye mali ni wewe," akasema.

Sultani akatazama tanuri, na akatazama hodhi, ambamo kifua kile kilikuwa kimeanza kuhema kwa shida. Akauachia mvukuto, akaketi chini majivuni, akafunika uso.

Lulua akaamka. Akawatazama wote kwa adabu, na alipomfikia Sultani akasema, "Shikamoo, mzee. Mbona unalia?"

Akaelezwa yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia, na ninaamini. Nisamehe, sikumbuki."

Baadaye akaolewa na Shekue kwa harusi ya siku saba, na Sultani akawapa nusu ya hazina, na watu wakala wakashiba. Na lile jiwe lililobaki, jepesi, lenye vitundu vingi pale alipopitia Lulua, Sultani akaliweka bustanini, na kila siku akaketi kando yake.

Siku moja mvua ikaanza ghafla. Watumishi wakakimbilia barazani, lakini Sultani hakuondoka. Akamwona Lulua anakuja mbio kutoka nyumbani kwake, shuka mkononi, akalifunika jiwe lote kwa uangalifu, akachomeka pembe za shuka chini yake.

"Mzee," akasema huku analowa, "nilifikiri mwanao atapata baridi."

Sultani akainuka. Akamsogelea, akamfunika kichwa kwa kilemba chake, wakasimama pamoja mvuani mpaka ikakatika.

Nanyi wanangu mliosikiliza, kama siku moja mtarudishiwa sehemu tu ya mliyempenda, ipokeeni kwa mikono miwili, na jueni mahali pa kuuachia mvukuto.