Kwa Nini Hodi ya Kwanza Haijibiwi Mtondooni

Hapo kale, kabla mlango haujajifunza kuogopa, mtu wa pwani hakuwa na haja ya kupiga hodi mara mbili. Alipiga moja, na kabla haijamtoka vizuri kinywani alikwisha itikiwa na mkeka umekwisha tandikwa. Kumnyamazia mgeni aliye mlangoni ilikuwa aibu kuliko kumnyima maji. Nawaeleza haya nyinyi mnaotaka kuweka makazi katika mji wetu huu mdogo, ili mjue mnachagua nini. Sikilizeni, kisha mwamue wenyewe.

Wazee wetu waliouanza mji huu hawakuujenga. Waliukuta.

Walikuwa watu wa bara, wafinyanzi, wa bonde moja ambalo mto wake ulihama. Mwaka mmoja maji yalipita upande wa pili wa vilima na hayakurudi tena. Udongo ukawa vumbi, na vyungu vikapasuka kabla ya kuiva. Basi wakafunga mizigo, kaya chache tu, wakashika njia ya kuelekea baharini. Aliyewaongoza aliitwa Ngwali, mtu mpole, mwenye mke jina lake Mwanamize, na mtoto mchanga. Mama yake Ngwali, Bi Mwakisu, alikuwa pamoja nao. Alikuwa bibi mkavu, mwenye miguu yenye nguvu bado, ila masikio yake yalikuwa mazito. Ukimwambia jambo alikunja uso akasema, "Nani? Sema tena." Watoto walimwigiza kwa siri na kucheka.

Walipofika pwani wakaanza kutafuta pa kukaa. Mji wa kwanza ulikuwa mkubwa, lakini mtawala wake alitaka kila kaya ngeni imtolee binti. Wakapita. Mji wa pili ulikuwa umeingiwa na ndui, na watu walisimama njiani na mikuki kuzuia yeyote asiingie wala kutoka. Wakapita. Watoto walikuwa wamevimba miguu, na mtoto wa Mwanamize alikuwa hanyonyi tena kwa nguvu.

Ndipo wakaufikia mji huu.

Ulikuwa mzuri. Nyumba zilikuwa za udongo, zimepakwa chokaa, na makuti ya mapaa yalikuwa mazima. Kisima kilikuwa na maji matamu, na kata ya kutekea imeninginizwa mahali pake. Mbele ya nyumba moja palikuwa na kinu chenye mtama uliotwangwa nusu, na mchi umeegemezwa kandoni. Mtu hakuwapo hata mmoja. Hapakuwa na damu, wala jivu la vita, wala kaburi jipya. Milango yote ilikuwa wazi, na ndani ya kila nyumba, karibu na kizingiti, mkeka ulikuwa umetandikwa kama wa kumkaribisha mgeni.

Bi Mwakisu hakutua mzigo wake. Alisimama katikati ya uwanja akageuka huku na huku.

"Mwanangu," alimwambia Ngwali, "mji usio na watu una mwenyewe. Tupite."

"Mama, mjukuu wako hatafika mji mwingine," Ngwali alijibu. Ilimbidi aseme kwa sauti kubwa, na wote wakasikia. Hakuna aliyetaka kutembea zaidi. Wakaingia, kila kaya na nyumba yake.

Siku za mwanzo zilikuwa njema, nao wakaona haya kwa hofu yao. Bahari ilipokupwa, miamba ilibaki wazi mbali sana, na mtu aliweza kuokota chaza na kuchokoa pweza mpaka kikapu kikamwelemea. Mtoto wa Mwanamize alinenepa. Watu walianza kusema "kwetu" wakimaanisha hapa.

Kisha Mwatumu akapotea.

Mwatumu alikuwa mke wa Kibwana, mchanga bado katika ndoa. Siku hiyo jua lilikuwa utosini na bahari imekupwa sana, na karibu watu wote walikuwa mwambani, Kibwana akiwa miongoni mwao. Mwatumu alibaki nyumbani akipika. Jirani yake alisikia mtu akipiga hodi, akamsikia Mwatumu akiitika kwa furaha, "Karibu! Mbona umerudi mapema?" Basi. Baadaye jirani alikwenda kuomba kaa la moto. Akakuta chungu kinafurika na kuzima kuni, na nyumba tupu.

Nyayo zilitoka mlangoni zikashuka ufukoni. Zilikuwa za Mwatumu peke yake. Hazikukimbia wala hazikuburutwa. Zilikwenda pole pole, kama za mtu anayetembea akizungumza na mwenzake, zikavuka mchanga, zikavuka tope, zikaingia majini. Kibwana alizifuata mpaka maji yakamfika shingoni, wakamvuta nyuma akipiga kelele.

Walisema labda alizidiwa na jua. Walisema labda alikuwa na huzuni ambayo hakumwambia mtu. Lakini hazikupita siku nyingi, mzee mmoja aliyeitwa Pazi, aliyekuwa ameketi ndani akimngoja mjukuu wake, akasikika akisema, "Karibu, baba, ingia." Tena ilikuwa adhuhuri, tena maji yamekupwa. Mjukuu wake alikuwa kisimani, watu wanamwona. Mzee Pazi alikuwa hawezi kutembea bila fimbo. Fimbo waliikuta mlangoni, na nyayo zake zilikuwa zimenyooka kama za kijana.

Hapo hofu ikaingia katika kila nyumba. Walielewa sasa mikeka ile ilitandikiwa nani. Waliotaka kuondoka walitazama nyuma wakaona masika yameanza na njia ya kurudi imegeuka bwawa. Aliyetoka kwenda mwambani aliogopa kwa ajili ya aliyemwacha, na aliyeachwa aliogopa mlango. Watu wakaanza kushinda nyumbani wakitazamana, na vikapu vikawa vitupu. Waliacha hata kuitana majina. Mama akimtaka mwanawe alimfuata akamshika mkono.

Njaa haingoji hofu iishe. Siku moja Ngwali na wanaume wengine walilazimika kushuka mwambani. Mwanamize alibaki na mtoto na mama mkwe wake. Bi Mwakisu alikuwa amekaa chini anasuka kikapu. Mlango walikuwa wameuziba kwa ubao, kwa maana nyumba zile hazikuwa na komeo. Hakuna aliyewahi kuhitaji komeo.

Mwanamize alikuwa wa kwanza kutambua kwamba kuku wamenyamaza. Kisha akasikia harufu ya tope, lile tope jeusi la chini kabisa ambalo hutokea maji yakikupwa sana. Mwangaza uliokuwa ukipenya pembeni mwa ubao ukazibwa, kana kwamba mtu amesimama karibu mno na mlango.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya Ngwali. Si sauti inayofanana na ya Ngwali. Ilikuwa yake hasa, na kile kikwaruzo chake cha kooni alichokuwa nacho tangu utotoni. Mwanamize alijua mumewe yuko mwambani. Alilijua hilo kama alivyolijua jina lake, na bado alihisi neno "karibu" likimpanda kooni lenyewe, tamu, kama maziwa yanavyoshuka kifuani mtoto akilia. Akafungua kinywa.

Bi Mwakisu alikuwa amesikia mvumo tu. Alikunja uso akageukia mlango.

"Nani? Sema tena."

Hodi haikurudiwa.

"Nasema ni nani? Masikio yangu mazito, baba. Sema tena."

Mwanamize alijiziba kinywa kwa mikono miwili. Nyuma ya ubao kitu kilivuta pumzi. Kikavuta, kikavuta, na hakikutoa. Bi Mwakisu, kwa hasira ya wazee wanaodhani wanadharauliwa, aliinuka akausogelea mlango, Mwanamize akamshika nguo kwa nyuma kwa mkono mmoja.

"Wewe uliye hapo! Ukipiga hodi sema u nani. Sema tena!"

Ndipo kikasema. Lakini hakikuwa tena na sauti ya Ngwali. Kilisema kwa sauti ya Mwatumu, kwa furaha ile ile: "Karibu! Mbona umerudi mapema?" Kisha kwa sauti ya mzee Pazi: "Karibu, baba, ingia." Kisha kwa sauti nyingine ambazo hawakuzijua, za wanawake, za watoto, za wazee, moja baada ya nyingine, wote wakikaribisha. Zilikuwa sauti za waliokuwa wenyeji wa mji huu.

Safari hii bibi alisikia. Alirudi nyuma taratibu mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaketi, akamvuta mkwewe na mjukuu wake kifuani. Wakakaa hivyo. Zile sauti ziliendelea kukaribisha, zikikaribisha, mpaka maji yalipoanza kujaa. Zilipokoma, mwangaza ukarudi pembeni mwa ubao, na nje jogoo akawika kwa wakati usio wake.

Walikuwa hawajathubutu kusogeza ubao, mara mbio za miguu zikasikika uwanjani.

"Hodi! Mwanamize! Hodi!"

Hakuna aliyejibu. Ngwali alikuwa ameona akiwa mwambani kuwa mchanga umelowa, mstari mmoja mweusi kutoka majini mpaka mlangoni kwake, na alikuwa amekimbia njia yote juu ya matumbawe. Alipiga hodi tena. Alipiga ubao kwa ngumi. Ndani, mkewe alikuwa akimtazama mama mkwe, na machozi yanamtiririka, na hakujua amwamini nani.

"Jibuni, jamani! Mbona hamjibu?" Ngwali alikuwa analia sasa. "Mama! Ni mimi! Ngwali, mwanao, niliyezaliwa siku tanuri lilipoanguka. Nimekatwa na matumbawe, damu inanitoka, nifungulieni!"

"Sema tena," alisema Bi Mwakisu.

Akasema tena, lote, kwa kwikwi. Ndipo bibi akaitika, "Karibu, mwanangu," na Mwanamize akausogeza ubao.

Jioni ile Bi Mwakisu aliwaeleza wote aliyoyasikia na alivyoyaelewa. Kile kitu, alisema, hakina sauti yake. Huiokota ya mtu anapotoka nyumbani, hata ya aliyetoka asirudi, nacho kina hodi moja tu ya kutumia. Kikiitikiwa, kimekaribishwa, na aliyekikaribisha atakisindikiza mpaka majini. Kisipoitikiwa, hodi ile imekiishia, na kikilazimishwa kusema hubaki na sauti za watu kiliowachukua. "Kwa hiyo," alisema, "kuanzia sasa nyote ni viziwi kama mimi."

Masika yakaisha na njia zikakauka. Kaya moja iliondoka. Wengine walibaki, kwa kuwa sasa walijua hatari ya hapa ina sura gani, na za huko mbele hawakuzijua. Kibwana, mume wa Mwatumu, alibaki pia. Alifundisha watoto wa wenzake kukaa kimya, na aliwachapa waliokosea. Hakuna aliyeishika amri ile kuliko yeye.

Adhuhuri moja, bahari imekupwa, jirani alisikia kupitia ukutani hodi kwenye nyumba ya Kibwana. Ilikuwa sauti ya mwanamke. Jirani aliitambua, akajiziba masikio, lakini alikwisha sikia, akayazibua. Pakawa kimya kirefu, kirefu sana, hata akadhani limekwisha kupita. Kisha akamsikia Kibwana akisema, taratibu, kama mtu aliyekwisha kufikiri:

"Karibu, Mwatumu."

Na tangu siku za Bi Mwakisu, katika mji huu wa Mtondooni hodi ya kwanza haijibiwi. Mgeni hupiga moja, akangoja, akapiga ya pili na kutaja jina lake na jina la mama yake, ndipo mlango unafunguliwa. Ndiyo maana pia mtu wa hapa akitoka nyumbani hasemi neno. Hupunga mkono tu. Msituone tuna kiburi. Mkiamua kukaa, wafundisheni watoto wenu hili kabla ya kuwaonyesha kisima.

Wanaoitika bado wapo. Ni wajane, ni wazazi waliozika watoto. Huwa tunawasikia mchana, maji yakiwa mbali, wakikaa kimya muda mrefu kwanza, kisha wakisema karibu. Na hatutoki kuwazuia, kwa sababu kila mmoja wetu, wakati huo, amekaa nyuma ya mlango wake mwenyewe, anaomba asije akasikia sauti anayoitamani.