Majina Kumi na Moja Pangoni

Wametusimulia waliotutangulia, nasi tunayapokea kwao kwa adabu, kwamba katika mji wa Baitul Maqdis, zama ambazo mahujaji walikwenda kwa miguu na wengi wao wasirudi makwao, palikuwa na mja mmoja aitwaye Labid bin Ghanim. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza mahujaji wa Kikristo katika mahali wanapopatukuza. Yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu wa swala tano, na hapana aliyeona ajabu, kwani kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake. Aliwachukua asubuhi jua likichomoza, akawarudisha kabla ya magharibi, kwa sababu saa hiyo mlango wa mji hufungwa na mlinzi hana mjomba wala shangazi.

Najua, ndugu zangu, mmezoea kusimuliwa waja wema wanaolia mihrabuni. Msikunje nyuso. Huyu aliutafuta mkate wake kwa nyayo zake, na mtihani wake ulimkuta njiani, mbele ya zizi la mbuzi.

Labid alikuwa mpweke. Mkewe alifariki miaka minne kabla ya siku ninayoisimulia, na hawakujaaliwa mtoto. Kutwa alikuwa katikati ya watu akieleza hili na lile mpaka koo likauke, na jioni alirudi kwenye nyumba isiyo na wa kumuuliza ameshindaje. Alikula amesimama dirishani. Kuketi peke yake mbele ya sinia kulimuumiza.

Viongozi wa mahujaji wa mji ule walikuwa na desturi yao. Kabla ya kuondoka kila mahali patakatifu, kiongozi husimama mlangoni na kuyasoma majina ya watu wake mmoja mmoja, na kila aliyeitwa hujibu, "Nipo." Asipojibu mmoja, hawaondoki wote. Desturi hiyo iliwekwa baada ya hujaji mmoja kupitiwa na usingizi katika kanisa la chini ya ardhi, akafungiwa humo, akapatikana kesho yake ameshika nguzo na kuapa kwamba amekwisha kufa.

Asubuhi moja akaja kwa Labid bi kizee wa Kihabeshi, amevaa shuka nyeupe iliyofubaa kwa vumbi, miguu imevimba. Jina lake Walata Hanna. Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha. Akatoa kwenye kifua cha nguo yake karatasi iliyokunjwa mara nne, akamkabidhi. Ilikuwa na majina kumi na moja.

Labid akatazama nyuma yake, njia ni tupu. "Wako wapi wenzako, mama?"

"Niite majina yote," akasema. "Nitawajibia."

Akamweleza kwa maneno machache. Walitoka kijijini kwao watu kumi na mmoja, wakiwa wameweka nadhiri ya kuzuru mahali patano na kumalizia kwenye pango la mtawa wa nchi yao, mcha Mungu wa zama za kale aliyehama Uhabeshi akaja kuishi peke yake katika milima ya nje ya mji huu. Babu zao walikuwa wakimtaja kila mvua ilipochelewa. Njiani homa iliwaangukia. Wakazikwa mmoja hapa na mwingine kule, mpaka akabaki yeye. Msafara uliokubali kumchukua kurudi ungeondoka kesho alfajiri, na kwa umri wake asingekuja tena.

"Nina siku hii moja tu," akasema. "Niliwaahidi kuwafikisha. Wengine niliwaahidi wakiwa wameshafumba macho."

Labid akaikunja karatasi ile. Akachukua fimbo yake, wakaondoka.

Wakaanzia Kanisa la Ufufuo. Bibi akasujudu, akaligusa jiwe kwa paji la uso, na walipotoka mlangoni Labid akaifungua karatasi. "Gebre Yohana!" akaita. Mahujaji wa makundi mengine wakageuka.

"Yupo," akajibu bi kizee.

"Tesfa Iyasu!"

"Yupo."

Akaita hivyo hadi la kumi, Hirute, na kwa hilo bibi alichelewa kidogo kujibu. La kumi na moja likawa lake mwenyewe, akasema, "Nipo." Watu waliokuwa karibu wakacheka, wakadhani kichwa chake kimeyumba. Labid akawatazama kwa jicho ambalo wenzake kazini hawakumzoea nalo, wakanyamaza.

Wakafanya vivyo hivyo kwenye birika la kale karibu na ukuta wa mashariki. Wakafanya hivyo katika bustani ya mizeituni bondeni, na kwenye kaburi la Bibi Maryamu, ambako bibi alishuka ngazi kwa makalio, daraja moja baada ya nyingine, akikataa kusaidiwa. Katikati ya hapa na pale alizungumza. Gebre Yohana alikuwa mumewe, mkorofi asubuhi na mpole jioni. Tesfa Iyasu alikuwa mhunzi aliyeimba vibaya na hakuna aliyethubutu kumwambia. Hirute alikuwa binti yake wa mwisho. Kuhusu Hirute hakusema zaidi ya hapo. Labid, aliyekuwa amezoea kusema yeye na wengine wasikilize, siku ile alisikiliza, na akajikuta anatamani siku isiishe.

Sasa hapa ndipo penye kisa. Pango la mtawa yule lilikuwa juu mlimani, nyuma ya mgongo wa pili, na njia yake ilikuwa mbaya, mawe matupu. Zamani za baba yake Labid, viongozi walikaa wakakubaliana kwamba njia ile inawachelewesha na mlango wa mji. Wakachagua pango jingine lililo chini, kando ya barabara, ambalo wachungaji walikuwa wakilaza mbuzi. Wakalifagia, wakaweka taa mbili, wakasema ndilo. Labid alifundishwa hivyo akiwa kijana, na kwa miaka ishirini aliwaleta watu pale. Nafsi yake ilipomsuta aliituliza kwa maneno mazuri: Mola huangalia nia ya mja, hatazami pango. Maneno hayo ni ya kweli, ndugu zangu, na ndiyo maana yalimfaa sana kufichia uongo.

Walipofika pale chini ilikuwa alasiri. Bi kizee akaingia. Labid akajitenga pembeni akaswali asri, na alipofika pale mja anapomwomba Mola wake amwongoze njia, ulimi ukawa mzito. Kazi yake mwenyewe ni kuongoza njia. Akamaliza swala yake kwa taabu, akabaki ameketi. Kutoka pangoni alimsikia bibi akilia, kisha akisema kwa lugha yake, kisha, jambo ambalo hakulitarajia, akicheka.

Alipotoka, uso wake ulikuwa umefunguka kama wa msichana. "Soma!" akasema. "Soma upesi!"

Labid akasoma. Yupo, yupo, yupo. Hata kwa Hirute hakuchelewa.

"Wamefika," akasema bi kizee. "Nimewasikia humo ndani, wote kumi. Nilikuwa sijawasikia tangu tuvuke bahari. Mungu akulipe, mwanangu. Wewe ni mtu mwaminifu."

Angeweza kunyamaza. Msihukumu haraka, kwani hata mimi ninayewasimulia sijui ningefanya nini. Mbele yake alisimama kikongwe mwenye furaha, na furaha hiyo ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho duniani. Kesho angeondoka, na asingejua kamwe. Tena Labid alikwisha kumpenda kama mtu anavyompenda mama yake, na tangu mkewe azikwe hapana aliyemwita mwanangu wala mwaminifu. Ukweli ungemnyang'anya bibi faraja yake, na yeye mwenyewe ungemnyang'anya bibi.

"Mama," akasema, "nakuomba uketi."

"Nikiketi sitainuka. Sema tu."

"Pango hili silo."

"Silo vipi?"

"Silo la mtawa wenu. Hapa palikuwa zizi la mbuzi. La kwake liko juu kule. Tunawaleta watu hapa kwa sababu njia ya juu ni mbaya na mlango wa mji hautungoji."

Bi kizee akageuka kulitazama pango. "Na ulijua, nilipokuwa nalia mle ndani?"

"Nilijua."

"Ungeninyamazia!" Sauti yake ikapanda. "Nimebakiza siku ngapi mimi? Ningekufa nimefurahi. Ulipungukiwa nini ukininyamazia?"

"Nimewaita wenzako kutwa nzima, mama," akasema Labid, na machozi yakamtoka bila kuyazuia. "Wamekuwa watu wangu. Siwezi kuwaacha kwenye zizi nikasema nimewafikisha."

Bi kizee akamgeuzia mgongo. Akasimama hivyo mpaka Labid akadhani atakaa hapo hadi giza liingie. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kumtazama. "Nipe ncha ya fimbo."

Wakapanda, Labid mbele akishika kichwa cha fimbo na bibi nyuma akiishika ncha, maana hakuwa maharimu yake na adabu haikumruhusu kumshika mkono. Walisimama mara nyingi. Mara mbili bibi alipiga magoti juu ya mawe, na Labid alingoja akimtaja Mola wake kwa sauti ya chini. Bibi hakumsemesha njia nzima, na ukimya huo ulimwelemea kuliko mlima.

Pango la juu lilikuwa dogo, mlango wake wa kuinamia. Hapakuwa na taa wala mtu, wala alama ya kwamba mtu amefika karibuni. Kulikuwa na msalaba uliochorwa ukutani kwa jiwe, na kibaraza cha mwamba kilicholika katikati, ambapo mtu mmoja aliketi miaka mingi. Bi kizee akaketi papo hapo. Akatega sikio. Labid naye akatega sikio, akimwomba Mola wake amjaalie mama huyu asikie alichokisikia kule chini. Upepo tu ndio uliopita.

Baada ya muda bibi akasema, "Soma."

"Gebre Yohana."

Kimya. Desturi inasema asipojibu mmoja hawaondoki wote, basi Labid akarudia, "Gebre Yohana."

"Hayupo," akasema bi kizee. "Tulimzika mchangani, siku ya pili tangu tushuke chomboni."

"Tesfa Iyasu."

"Hayupo. Alikufa akiimba."

Akaendelea jina kwa jina, na kwa kila jina bibi alisema hayupo, na akataja mahali. Labid akafika la kumi. Alitaka kuliruka. Bibi akamwona akisita, akasema kwa ukali, "Lisome."

"Hirute."

Akafungua kinywa, akakifunga. Akafungua tena. "Binti yangu hayupo," akasema, na hapo ndipo alipolia, kilio kizito cha mtu anayezika leo. Moyoni mwake alikuwa bado hajamzika.

Labid alingoja mpaka kilio kikatulia. Jua lilikuwa limeegemea mlima. Akasoma jina la mwisho kwa sauti ndogo. "Walata Hanna."

Bi kizee akajifuta uso kwa ncha ya shuka. "Nipo," akasema. "Peke yangu, lakini nipo."

Akaichukua karatasi mkononi mwa Labid, akaiweka kwenye kibaraza juu ya mwamba uliolika kwa kuketiwa na mtawa, akaikandamiza kwa jiwe. Kisha akamwambia, "Kule chini nilikukasirikia. Lakini kutwa nzima nami nilikuwa nasema yupo, yupo, nikijua nilikowaacha. Wewe ulipoutoa uongo wako, nikaona haya kubaki na wangu."

Wakashuka. Mlinzi alikuwa amekwisha kufunga bawa moja la mlango, wakapita kwenye lililobaki. Alfajiri Bi Walata Hanna akaondoka na msafara, na hawakuonana tena. Labid akaenda kwa mkubwa wa viongozi akamwambia kwamba hatampeleka tena mtu zizini. Akaambiwa anatia aibu kaburi la baba yake. Wenzake wakaacha kuketi naye, na mahujaji wenye haraka wakaelekezwa kwa wengine. Waliomjia ni wachache, wale walio tayari kupanda, na wasimulizi wanasema mpaka kufa kwake hakumficha hata mmoja wao urefu wa njia.

Tutafakari, ndugu zangu. Ukweli wa Labid haukumfufua mtu, na upweke wake mwenyewe ulizidi. Lakini mama yule aliondoka mjini akijua aliowazika na akijua kwamba yeye yu hai, na kabla ya hapo alikuwa hajui hata moja kati ya hayo mawili. Mwenyezi Mungu atujaalie mtu wa kutuambia tulipo, na akishatuambia, atujaalie moyo wa kunyoosha mkono na kuishika ncha ya fimbo yake.