Mkanda wa Mzee Gereoni

"Uachie, Tekla! Huu ni mkanda wa baba yangu."

"Baba yako alikuwa baba mkwe wangu, wifi. Na mkono uliopiga pamoja naye ni huu hapa, si wako."

"Mkono! Ungeshika nini huo mkono kama nisingechonga mimi? Ungeshika mwiko."

"Na ulichochonga kingesikiwa na nani? Na panya wa karakana?"

Otmari, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, akasema polepole, "Hata panya wasingesikia, bila mimi."

"Wewe nyamaza!" wakamgeukia wote wawili. "Wewe na betri yako moja!"

Waacheni wavutane kidogo. Mkanda ule ni wa ngozi ya ng'ombe, umebeba gita la besi miaka thelathini, hautakatika leo. Ninyi mnaosikiliza, wakubwa kwa wadogo, sogeeni niwaeleze walifikaje hapo. Nawaomba msikilize vizuri, kwa sababu mwishoni nitataka mniamulie. Wao wameshindwa. Mimi nimejaribu, nikashindwa pia.

Mkanda ulikuwa wa Mzee Gereoni Ndunguru, mpiga besi wa Kimuli Jazz. Hakuna harusi wala komunio upande ule wa Mbinga ambayo bendi hiyo haikupigiwa simu. Na bendi hiyo ina desturi yake. Mkuu wa bendi hachagui mpigaji. Mpigaji anayeondoka hupiga wimbo wake wa mwisho mbele ya watu, na wimbo ukiisha humvisha mtu mmoja mkanda wake. Aliyevishwa ndiye mwenye kiti, hata kama bado anajifunza. Bendi itamfundisha, itamlisha, itasafiri naye. Asiyevishwa si mtu wa bendi, hata apige vizuri namna gani.

Nyumbani kwa Mzee Gereoni walikaa watu watatu wenye vipaji.

Skolastika, binti yake wa kwanza, alikuwa seremala. Aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, akakuambia kama utapasuka kiangazi au utadumu.

Otmari, mtoto wa dada yake, alikuwa fundi redio. Mashine ikikohoa chumba cha pili, yeye alijua ni waya gani umelegea kabla hajainuka.

Tekla alikuwa mkwe wake. Mumewe, Severini, alikwenda mgodini miaka minne iliyopita na hajaandika hata neno. Tekla alikuwa na sikio. Wimbo aliousikia mara moja ulibaki kwake, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kwa sababu ya kusuka mikeka.

Mwezi wa tatu, Mzee Gereoni akiwa anafunga kamba za viatu, alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukabaki mzima, wa kushoto ukalala. Sasa, besi inataka mikono yote miwili. Wa kulia unadonoa nyuzi, wa kushoto unazibana shingoni ili sauti ipande au ishuke. Gita lake kubwa lilikuwa zito, likateleza kila alipowekewa mapajani. Akawa anashinda barazani, mkono wa kulia ukidonoa hewa.

"Sitaki dawa," alisema. "Nataka wimbo mmoja watu wakiwa wamekaa. Nimvishe mtu mkanda, basi."

Skolastika alikuwa na mbao za mninga alizozikausha miaka miwili. Zilikuwa za kabati la vyombo, kwa ajili ya nyumba yake na mchumba wake, Fidelisi. Akaziangalia siku nzima. Siku ya pili akazikata. Alichonga gita dogo la besi, dogo kiasi kwamba mtoto wa darasa la kwanza angeweza kulikumbatia. Kwa mtunza bustani wa parokia aliomba nyuzi nene za plastiki, zile za mashine ya kufyekea nyasi, akazifunga nne. Zilikuwa laini, hazikuumiza kidole cha mgonjwa, na juu ya shingo fupi namna ile zilitoa mlio mzito kuliko mtu angetegemea. Fidelisi alipokuja kuuliza kabati alionyeshwa gita. Akacheka. Kisha akaona hakuna anayecheka naye. Hakurudi tena.

Lakini gita lile, ukisogea hatua tatu, hulisikii. Otmari akachukua kile kisahani chembamba kinacholia ndani ya saa ya mezani, akakigundisha chini ya kijiti kinachoinua nyuzi, ili kinase mtikisiko wa mbao. Akaunganisha na spika. Ikatoka sauti ya debe tupu.

"Inahitaji kisanduku cha kuitia nguvu kabla haijafika kwenye spika," alisema.

Vifaa vya kisanduku hicho vilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya ampilifaya yake, ile aliyoikodisha kwenye mikutano na misiba. Hakuwa na kazi nyingine. Akaifungua na kuitoa matumbo. Akatengeneza kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni, chenye betri moja ya mraba. Walipopandisha sauti, gita likaanza kulia lenyewe bila kuguswa, uuuuu, mpaka kuku wakatimka uani. Sauti ya spika ilikuwa inaingia kwenye tundu la gita, inatoka, inarudi tena. Otmari akaziba tundu kwa sponji ya godoro lake, na spika akaisogeza mbele ya mpigaji, ielekee kwa watu. Kimya. Kisha Mzee Gereoni akadonoa uzi wa chini kabisa, na vumbi likaanguka kutoka kwenye kenchi za karakana. Mzee akalia.

"Ila mjomba," Otmari akamwambia, "waya ukiwa umechomekwa, betri inaliwa hata kama hupigi. Ukimaliza, uchomoe."

Sasa gita lilikuwa na mwili na sauti, lakini mkono wa kushoto ulikuwa bado umelala. Mzee alidonoa, na zikatoka sauti zilezile nne. Siku moja Tekla, aliyekuwa akimletea uji, akaweka kikombe chini, akakaa kushoto kwake, akanyoosha mkono wake akabana uzi. Shingo ilikuwa fupi, mkono wake ulifika. Mzee akamwonyesha kwa kidevu apande, apande tena, ashuke. Wimbo ukatoka.

Mnajua hilo lina maana gani. Mkwe hamgusi baba mkwe. Akipishana naye njiani, anaingia majanini. Tekla alikaa naye bega kwa bega, pumzi kwa pumzi, kila mchana kwa wiki sita. Wanawake wa kisimani wakaacha kumsalimu. Kaka zake wakatuma maneno kwamba Severini asiporudi, Tekla asifikirie kurudi kwao.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi ambayo Mzee angepigia wimbo wake, walifanya mazoezi ya mwisho. Yalipoisha Otmari akainama achomoe waya.

"Acha," Mzee akasema.

"Betri, mjomba."

"Acha, mwanangu. Nikiuona umechomekwa, najua bado nina sauti."

Otmari akamtazama Skolastika. Skolastika akamtazama Tekla. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatalia. Waya ukabaki.

Jumamosi mchana, ukumbi wa parokia ulijaa. Mzee akapandishwa jukwaani, mkanda shingoni, gita dogo mapajani. Watu wakacheka kidogo.

"Jamani, Mzee Gereoni amepewa kitoto akilee!"

Tekla alipokaa kando yake na kunyoosha mkono, kicheko kikakatika. Mama yake mzazi alikuwa meza ya nne. Akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akatoka nje.

Kisha besi ikaingia, na nawaambia, sakafu yote iliisikia. Vikongwe waliokuwa wamekaa wakahisi miguu yao inaitwa. Bibi harusi akaacha kutazama zawadi. Mkono wa kulia wa mzee na mkono wa kushoto wa mwanamke kijana, na hukuweza kusema mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Mpiga ngoma alikuwa anatabasamu kama mtu aliyerudishiwa ndugu yake.

Katika ubeti wa tatu sauti ikaanza kukonda. Ikawa debe. Ikawa mbu. Ikaisha.

Otmari akakimbia kwenye kisanduku, lakini alikuwa anajua tayari. Betri ya akiba hakuwa nayo, na maduka yalikuwa yamefungwa, wenye maduka wote wako harusini. Jukwaani Mzee aliendelea kudonoa na Tekla aliendelea kubana, bila mlio wowote, mpaka wenzao wakaacha kupiga mmoja mmoja. Watu wakadhani ni madoido. Wakapiga makofi.

Mzee Meinradi, mkuu wa bendi, akamwendea. "Gereoni, mvishe basi mtu."

"Wimbo haujaisha," Mzee Gereoni akajibu. "Desturi unaijua. Nitaumalizia Jumamosi ijayo."

Jumanne kiharusi kikarudi, kikachukua ulimi. Alilala siku nzima, mkanda umewekwa kifuani, macho yanazunguka. Tekla anasema alimtazama yeye. Skolastika anasema hapana, alimtazama yeye. Otmari anasema mjomba alikuwa anatazama waya uliotundikwa ukutani, na hapendi kulizungumza hilo. Jumatano akafa.

Sasa mnaelewa kwa nini wanavutana. Msidhani ni tamaa. Skolastika alikuwa na mbao na mchumba, leo hana mbao wala mchumba. Otmari alikuwa na mashine ya kumlisha, leo ni boksi tupu lenye vifundo vya mbele. Tekla alikuwa na jina na kwao, leo hana hata pa kuomba maji. Kila mmoja alitoa kitu chake cha mwisho, na kitu pekee kilichobaki ndani ya nyumba ile ni kile kiti.

Katika hasira zao walifanya jambo lingine. Siku ya tatu ya msiba Otmari alichomoa kisahani chake na kisanduku, akavifunga kwenye kitambaa. Skolastika akalibeba gita hadi chumbani kwake akalifungia. Tekla hakuwa na cha kubeba. Alibaki na mkono wa kushoto unaojua nyimbo zote za Kimuli Jazz, na wa kulia usiojua kudonoa hata moja.

Jana Mzee Meinradi alikuja kuuliza. Aliwakuta kama mlivyowasikia mwanzo, wifi huku na wifi kule, mkanda katikati. Alivua kofia. Aliwasikiliza wote, kila mmoja mpaka mwisho.

"Baba," Skolastika akasema, "basi tuchukue wote watatu. Mimi nitalitunza gita, Otmari ataliangalia lisilie ovyo, Tekla atabana. Tutaketi kiti kimoja kwa zamu."

"Na wa kudonoa?" Mzee Meinradi akauliza.

Tekla akaachia mkanda, Skolastika akaachia pia, ukaanguka sakafuni. Hakuna aliyeinama kuuokota.

Nimewaza hivi. Ukimvisha Skolastika, atakaa jukwaani na gogo la mbao lisilosikika, na Otmari anayo haki ya kukataa na sauti yake. Ukimvisha Otmari, ana sauti lakini hana kitu cha kuitoa. Ukimvisha Tekla, ana nyimbo kichwani na anaomba gita la mtu mmoja na kisanduku cha mwingine. Bila mmoja wao, Mzee Gereoni asingepiga hata ule wimbo nusu. Na waya ule, wote watatu waliuona, na wote watatu waliuacha.

Je, wewe ungemvisha nani? Usiniambie wagawane, nimekwambia kiti ni kimoja. Usiniambie wasubiri moyo upoe, kwa sababu leo ni Alhamisi, na Mzee Meinradi, alipokuwa anatoka jana, alisimama mlangoni, akavaa kofia yake bila kugeuka, akasema:

"Jumamosi gari la bendi litapita hapa saa nne asubuhi. Nikimkuta mmoja amevaa mkanda, apande. Nikiwakuta watatu, wanangu, sitasimama."