Kiboko na Kikapu cha Chumvi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa chungu jikoni!

Kina nini ndani?

— Hatujui, funua!

Haya, nafunua. Sogeeni. Shemsa, usiukaribie moto. Na wewe Mbwana, ukisinzia tutafika mwisho bila wewe, shauri yako.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanapika, Pimbi alipata mtoto. Pimbi mnamjua? Yule mdogo wa majabalini, mkia hana, na maneno yake ni mengi kuliko nyama yake. Sasa kwa akina Pimbi kuna mila: mtoto hapewi jina mpaka bibi yake aonje mboga yenye chumvi. Hakuna chumvi, hakuna jina. Na mtoto asiye na jina akilia, utambembeleza ukimwita nani?

Chumvi ilikuwa kwenye udongo mweupe kando ya bwawa, na bwawa lilikuwa la Kiboko. Alipewa na nani? Alijipa mwenyewe. Kiangazi kilikuwa kimelikausha lile bwawa, limebaki kidimbwi cha kumtosha yeye na tumbo lake. Hata hivyo alikuwa halali usingizi, akilinda.

Pimbi akaenda. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Udongo wako mweupe, mjomba. Mtoto hana jina."

"Chukua. Udongo wangu, kazi yako. Tutagawana, na mimi nachagua kwanza."

"Chagua, mjomba. Wewe ndiye mkubwa."

Pimbi akatafuta chungu chenye matundu chini. Akatandika nyasi ndani, akajaza udongo, akaweka chungu kizima chini yake. Akamimina maji juu. To! To! To! Maji yakashuka polepole, na chumvi ikashuka nayo, maana chumvi ikiona maji haikai, inaondoka nayo. Nyasi kazi yake ni kuzuia tope tu.

Kiboko akatoka majini, pwaa, pwaa, pwaa. Jua linamchoma mgongo, anataka kurudi upesi. Akatazama chungu cha juu: kimejaa, kizito. Akatazama cha chini: vimaji.

"Kilichobaki ni changu!" akasema. "Kilichotoka ni chako."

"Sawa, mjomba. Wewe ndiye mkubwa."

Kiboko akabeba chungu chake, akaingia kidimbwini, akajaza mdomo. Akatafuna. Akatafuna tena. Tope! Mbwana, usicheke, hata wewe ungechagua kizito.

Akarudi amefura, pwaa, pwaa, pwaa, akakitupa kile chungu ukingoni. Akamkuta Pimbi ameinjika vile vimaji motoni.

"Umenipunja! Sasa tunabadilisha. Kinachotoka ni changu. Kinachobaki ni chako."

"Mjomba, una hakika?"

"Unaniuliza mimi?"

"Sawa, mjomba. Wewe ndiye mkubwa."

Chungu kikachemka. Tokota, tokota, tokota. Kikatoka nini? Mvuke. Kiboko akapanua domo lake lile kubwa, akaukinga mvuke. Haaa! Akaungua pua. Akakinga tena. Haaa! Mvuke ukapaa zake, moto ukafifia, na chunguni ikabaki chumvi, nyeupe, imeganda ukingoni mpaka chini. Pimbi akaikwangua, kwaru, kwaru, ikajaa kikapu kidogo cha ukindu.

Hapo Kiboko akaona. Jamani, hata mjinga ana macho.

"Kilichobaki ni changu," akasema. "Kilichotoka ni changu. Na kikapu ni changu."

"Lakini mjomba, tulipatana..."

"Nani mkubwa hapa?"

Nawaambieni ukweli, Pimbi aliumia. Nyumbani bibi wa mtoto alikuwa ameshafika, amekaa mkekani, anangoja. Mboga zimeshachambuliwa. Mtoto analia na hana jina. Pimbi machozi yakamlenga, kisha akayafuta kwa mkono.

"Umeshinda, mjomba," akasema. "Ila mali kama hii usiiache hapa nchi kavu. Wezi ni wengi."

"Nani amekwambia nitaiacha? Mali yangu yote naiweka majini, naikalia. Nani atathubutu kuja kuitoa?"

"Hakuna, mjomba. Hakuna kabisa."

Kiboko akabeba kikapu. Chubwi! Akakididimiza mpaka chini, akakikalia. Akatulia. Kila akijigeuza anakipapasa: kikapu kipo. Akafurahi, akapiga mapovu, bulu bulu bulu.

Pimbi hakuondoka. Alikaa kivulini akitazama mapovu. Jua lilipoinama, akachukua vibuyu vyake, akapiga magoti ukingoni.

"Mjomba, chumvi siombi. Naomba maji tu ya kupikia mboga. Wageni wamefika."

Kiboko akacheka mpaka kidimbwi kikatikisika. "Maji? Teka, mwanangu, teka! Mimi si mchoyo. Chumvi sikupi, lakini maji jaza vibuyu vyote."

"Ahsante, mjomba. Wewe ndiye mkubwa."

Akateka akajaza. Sasa, yale yalikuwa maji ya Kiboko, na Kiboko hatoki kwenda haja. Shemsa, usikunje uso, ndivyo ilivyo. Pimbi akachukua chungu chake cha matundu, akatandika nyasi, akaweka mchanga, akaweka mkaa uliotwangwa. Mchanga ukashika tope. Mkaa ukanywa harufu. Chumvi yenyewe hakuna aliyeishika, ikapita zake. To! To! To! Kisha akayachemsha vizuri, ndipo akatia mboga.

Bibi akaonja. Akafumba macho. Wote wakangoja, hata mtoto akanyamaza.

"Imekolea," akasema bibi. "Mtoto huyu ataitwa Kolea."

Vigelegele vikapigwa. Pimbi akambeba mwanawe, akamwita jina lake sikioni, akamwita tena na tena.

Kiboko akasikia vigelegele, akanyanyuka kidogo, akapapasa. Kikapu kipo. Akakiinua: kitupu! Akaguta, "Mwizi! Mwizi!" Wanyama wakaja mbio.

"Nani alikuja, mjomba?"

"Hakuna aliyekuja! Nimekikalia mwenyewe!"

"Basi aliyekikalia ndiye mwizi," wakasema, wakarudi kwenye mboga.

Tangu siku hiyo Kiboko mchana kutwa yumo majini, hatoki, anamvizia yule mwizi. Akimeza maji anayaona yamekolea kidogo, lakini hajajiuliza kwa nini.

Haya, funzo. Wanangu, ukipata chumvi usiiweke kabatini, wezi wanapajua. Itie majini uikalie, hapo iko salama. Na mkubwa wako akisema, mwitikie "sawa", maana mkubwa hakosei.

Hadithi yangu imechujwa imekwisha. Kilichobaki chunguni ni chenu, kilichotoka ni moshi. Shemsa, leta sahani, na Mbwana mwamshe.