Mlango wa Bi Buku Uliogeuzwa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Hodi mlangoni!"

"Karibu, wewe na hadithi yako!"

Haya, kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna hapo nyuma, tafuna polepole, hii ni habari ya mlafi mwenzio.

Palikuwa na mji wa wanyama, nyumba za mawe, za kale, kila nyumba na mlango wake wa nakshi. Siku moja Fisi akawa Mkuu wa Ukarabati. Nani kampa cheo? Kajipa mwenyewe! Akatoa amri: "Mlango wa kale usiguswe bila ruhusa ya Mkuu!" Huruma tupu, jamani.

Akaenda kwa Kanga. Ko ko ko! "Mlango wako mbovu, unataka ukarabati." Kwaruu! Akaung'oa, akaenda nao. Akaenda kwa Nungunungu. Ko ko ko! "Mlango wako mbovu, unataka ukarabati." Kwaruu! Akaenda nao. Na milango hiyo aliikarabati vizuri sana: aliipasua, akachomea nyama.

Akabaki Bi Buku, yule panya mkubwa, fundi wa nakshi, meno yake ndiyo patasi. Mlango wake ulichongwa na babu yake, maua juu mpaka chini, na misumari ya shaba yenye ncha ili adui asiusukume. Nyuma ya mlango huo walilala watoto wake, na Paka alikuwa akiwajua kwa majina.

Ko ko ko! "Mlango wako mbovu, unataka ukarabati."

Bi Buku roho ikamruka. Mlango ukienda, usiku huohuo watoto wameliwa! Lakini akacheka, hi hi hi. "Mheshimiwa, huu si wa kuchomea nyama. Huu ni wa pangoni kwako. Niache nikakuwekee mwenyewe."

Fisi kichwa kikamvimba. Wakaenda. Bi Buku akausimamisha mlango kwenye mdomo wa pango, kisha akaguna.

"Mheshimiwa, roho inaniuma. Nakshi zikitazama nje, kila mpita njia atazitazama. Bure!"

"Bure?" Fisi akaruka. "Nakshi zangu? Geuza! Zikae ndani, nizione peke yangu!"

"Lakini komeo, Mheshimiwa, kwa kawaida..."

"Mkuu wa Ukarabati nani, mimi au wewe? Geuza!"

Maskini Bi Buku, angefanyaje? Amri ni amri. Akageuza. Nakshi ndani, shaba ndani, komeo nje.

"Ingia ujionee."

Fisi akaingia. Kacha! Bi Buku akasukuma komeo.

"We Buku! Fungua!"

"Natamani, Mheshimiwa. Ila mlango wa kale usiguswe bila ruhusa ya Mkuu."

"Mkuu ni mimi! Naruhusu!"

"Sikusikii vizuri. Mbao nene hizi, kazi ya babu."

Fisi akajirusha. Puu! Misumari ikampokea. Uwiii! Akang'ata. Uwiii! Misumari tena. Si ndiye aliyeitaka ndani?

Kufika alasiri njaa ikamlegeza. "Buku, mama yangu, chukua mlango wako, nitoe!"

"Ungesema mapema. Nitakuchimbia tundu kwa nyuma, utoke, uhame."

Akachimba, chimba chimba chimba, tundu la kipimo chake mwenyewe Bi Buku. Fisi akajikamua. Kichwa kikapita. Kifua kikapita. Makalio yakagoma! Akavuta, akalia, akavuta, fyoo! Akatoka, makalio yamebonyea chini, akakimbia bila kuaga. Mtazameni anavyotembea hata leo.

Kanga na Nungunungu wakasaidia kuubeba mlango. Paka alipokuja jioni akakuta shaba zinamtazama, na nyuma ya mlango watoto wanakoroma.

Basi, wanangu, fundisho ni hili: mheshimuni kila aliyejipa cheo. Akija kukarabati mlango wenu, mpeni upesi, tena kwa tabasamu. Na akisema geuza, nyinyi ni nani hata mbishane naye? Geuzeni.

Hadithi nimeifunga. Komeo liko upande wenu.